Glo Nyumbani kwa Baba Mkwe

Mume wangu tulimzika mvua zikiwa zinaisha, na tangu siku hiyo watu wanakuja kunipa pole wakiwa na nyuso za huzuni kunizidi mimi. Wananishika mikono, wanateremsha sauti. Nawapa chai. Huzuni ninayo, tena nyingi, lakini nikimkumbuka yule mtu, mara nyingi ninachokikumbuka kinanichekesha, na mjane anayecheka peke yake huwatia watu wasiwasi. Ndiyo maana nimeona niandike. Karatasi haina wasiwasi.

Nataka kuandika habari za neno moja la Kiingereza alilonipa miaka ya themanini, tulipokuwa bado wageni katika ndoa. Alinipa na vitu vingine, vitenge na redio na watoto, lakini neno lile nililitumia kuliko vyote.

Nilizaliwa Mbarara, katika nyumba za Waislamu zilizo nyuma ya maduka. Baba alikuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka la mtu. Nyumbani tuliongea Kiswahili. Runyankore tuliiokota njiani, na Luganda niliipata kwa wateja wa baba, waliokuja kupimwa suruali na hawakunyamaza mpaka suruali imekwisha. Shule niliishia darasa la sita. Hakuna kisa cha kusikitisha hapo. Sikuipenda, na mama alihitaji mtu wa kumsaidia kukaanga sambusa.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini. Alibeba maharage, mahindi na ndizi kutoka upande wa Nakivale, akipitia Rwekubo na Isingiro mpaka sokoni Mbarara. Wazazi wake walikuwa wakimbizi wa Rwanda, waliokaa kambini Nakivale tangu yeye hajaota meno yote. Tulijuana kwa sababu ya suruali. Alileta suruali ileile kupunguzwa kiuno mara nyingi, mpaka baba akamwuliza kama anaumwa. Alipojibu kwamba haumwi, baba alinitazama mimi, kisha akaitazama suruali, akasema basi alete wazee wake.

Kwa kuwa dereva hana makazi ila barabara, baada ya harusi nilipelekwa kukaa kwa wakwe, Nakivale. Ilikuwa nyumba ya udongo iliyopigwa lipu ya mavi ya ng'ombe, safi kuliko ya kwetu ya mjini, na ukisimama nyuma ya jiko uliliona ziwa. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, aliyepanga vikombe vyake kwa urefu na watu wake kwa sheria. Asubuhi ya kwanza, tukichambua maharage, alinipa sheria yangu.

Mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, hata kama mzee yuko Mbarara na wewe uko Nakivale. Hilo sikuliona gumu. Hata kwetu hakuna anayemwita mkwewe kwa jina. Lakini kwao Rwanda ya zamani jina lilikuwa na mizizi. Ukilikwepa jina, unalikwepa na neno lililolizaa. Mzee akiitwa kwa neno la maziwa, mkamwana wake hana maziwa, ana "kile cheupe." Majirani wengi pale kambini walikuwa wamekwisha kuiacha desturi hiyo. Mama mkwe hakuiacha. Dini ilikuwa imebadilisha chakula chake na sala yake, ulimi haikuugusa.

Sasa mzee wetu jina lake la nyumbani, la Kinyarwanda, lilikuwa ni kile kitu kinachotoka kwenye jua asubuhi, na kwenye taa ukiiwasha. Aliposilimu akiwa kijana Kigali, aliyemsilimisha alimtafutia jina la Kiislamu lenye maana hiyohiyo, na hilo kila anayejua Kiswahili analijua, maana ni neno la kila siku. Kwa hiyo nilikuwa nimefungiwa milango miwili. Kiswahili kina neno jingine tena la kitu hichohicho. Mama mkwe akalifunga na lenyewe, kwa usalama. Nina hakika unayajua yote mawili. Hapa kwangu hutayaona. Mzee yuko kaburini miaka mingi, na bado mkono wangu unakataa kuyaandika.

Hebu fikiria nyumba yenye dirisha dogo, moshi wa jiko, kazi za sindano na kuchambua mchele, na wewe huna neno la kile kitu. Utaona unalihitaji kila baada ya dakika. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti natafuta sindano, na mama mkwe amesimama mlangoni, amekiziba chote. Nikamwambia asogee kidogo, na neno likanitoka, lile la Kiislamu. Kutoka uani mzee akaitika, "Naam? Nani ananihitaji?"

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga. Mabega yake yalitetemeka. Nilidhani nimemliza, nikaanza kuomba msamaha, na ilinichukua muda kugundua kwamba anacheka na anaona aibu kucheka. Alipomaliza alishusha kanga, akarudisha uso wake wa sheria, akaniambia nisirudie.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia yote ndani ya lori, maana huko ndiko tulikozungumza kama mke na mume. Nyumbani kila mtu alisikia kila kitu. Alicheka mpaka akaegemea usukani. Kisha akaniambia nitazame.

Lori lile lilikuwa la dizeli, kuukuu, na kuliwasha asubuhi kulikuwa na adabu zake. Kwenye dashibodi palikuwa na tundu dogo lenye wavu, na nyuma ya wavu waya uliojikunja kama mkia wa kinyonga. Dereva anazungusha ufunguo nusu, anangoja. Waya unaanza kuona haya, unakuwa rangi ya chungwa, halafu mwekundu wa taratibu. Hapo ndipo injini inapokubali. Ukiwa na haraka, lori linakohoa, linanyamaza, na unaanza upya. Chini ya tundu palikuwa na neno la Kiingereza, na yeye alilisoma glo.

"Hii si ile kali ya taa," aliniambia. "Hii ni ya pole, haimchomi mtu jicho. Chukua hii. Mama hawezi kuifunga, hajawahi kuisikia."

Nikaichukua. Jioni ileile nilimwambia mama mkwe asogeze koroboi, glo haifiki kwenye sufuria. Aliganda, mwiko mkononi. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe.

"Hii neno ni ya fasi gani?"

"Ya Wazungu, mama," mume wangu akajibu.

"Kwa Wazungu ni jina ya mzee?"

"Hapana, mama. Kwa Wazungu ni jina ya waya."

Alilifikiria jambo hilo kwa muda wote ugali ulipokuwa ukisongwa. Hatimaye akasogeza koroboi. Tangu jioni ile, neno la waya likawa la nyumba nzima.

Mwanzoni lilifanya kazi niliyoliajiria tu. Glo ikipenya mlangoni asubuhi, tunaamka. Glo ikikaribia kuondoka ziwani, kuku wanaingizwa. Lakini neno ambalo halina wenyewe hufanyishwa kazi za kila mtu. Mama mkwe, aliyelipokea kwa shaka, ndiye aliyelituma mbali zaidi. Makaa yakiacha kutoa moshi na kuwa mekundu sawasawa, tayari kwa kuchoma viazi, alisema yamefika glo. Tochi ikichoka mpaka inaonyesha vidole vya aliyeishika tu, imebaki glo. Redio ikifa betri, watu wake wakianza kuongea kama wako ndani ya mtungi, nayo imebaki glo. Vimulimuli wa kwenye matete walikuwa glo za bwawani. Mtoto wa jirani alipopata homa, mama mkwe alimgusa paji la uso akasema ana glo, na mamaye akaenda kumwambia hivyohivyo mhudumu wa zahanati, ambaye sijui alielewa nini, ila dawa alitoa.

Mume wangu naye alikuwa na zake. Akielezwa jambo lisilomwingia, alisema, "Ngoja, bado waya." Likimwingia: "Sasa glo." Mimi na yeye tulikuwa na matumizi mengine ambayo sitayaandika.

Na iko siku nilikuwa nakamua nguo uani, nimejipaka samli kama wanawake wote wa pale walivyojipaka. Mama mkwe alinizunguka mara moja kama anayekagua ng'ombe sokoni. Akasema glo hiyo si ya samli. Nikamwambia ni samli. Akasema samli anaijua. Mimi mwenyewe nilikuwa sijajua kitu, na baada ya wiki kadhaa nikajua kwamba amesema kweli. Mwanangu wa kwanza alitangazwa na bibi yake kabla hajatangazwa na mwili wangu.

Miaka mingi baadaye binti yangu alileta kamusi ya shule nyumbani, nikamwambia anitafutie neno lile. Alinisomea. Maana zilizokuwemo zilikuwa nzuri, hazikuwa na kosa, lakini zilikuwa chache kuliko za kwetu. Ya tochi haikuwemo. Ya mtoto mwenye homa haikuwemo. Nilimwambia airudishe, watu walioiandika hawakupita Nakivale.

Narudi kwa mzee, maana neno lile lilikuja kufanya kazi kubwa kwake, na kazi hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuisimulia.

Mimi na baba mkwe hatukuzungumza ana kwa ana. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Nilimpelekea salamu kwa mtu wa tatu, na pasipokuwa na mtu wa tatu, kwa kuku. "Kuku, mwambieni baba chai iko tayari." Naye anajibu, "Kuku, mwambieni ninakuja." Kuku wetu walijua habari nyingi. Alikuwa mtu mpole, mwenye mabega mapana, na jambo alilolipenda duniani, baada ya mkewe, lilikuwa bao. Walicheza na kete za mbegu nyeusi kwenye ubao wenye mashimo, wenyewe wakiliita igisoro, kila alasiri, kwenye kibaraza cha duka moja Rwekubo. Watu walitoka mbali kuja kufungwa naye.

Nilipoolewa, macho yake yalikuwa yameanza ukungu, mimi alinijua kwa sauti tu. Mwaka baada ya mwaka mboni ziliingia weupe, kama maji ya mchele. Alianza kucheza kwa vidole, akipapasa mashimo na kuhesabu kwa kugusa, na bado aliwafunga. Ndipo wakaanza kumwibia. Mmoja anamsimulia habari za mvua, mwingine anachomoa kete. Mzee alijua. Alirudi nyumbani akakaa uani, akawaambia kuku kwamba Rwekubo imejaa wezi. Halafu akaacha kwenda. Hilo ndilo lililotutisha. Alikaa ukutani tangu asubuhi, uso ameugeuzia ziwa ambalo halioni, na sauti yake ikapungua siku hadi siku, kama ile redio niliyoisema.

Mume wangu alisikia mjini kwamba katika hospitali ya Mbarara kuna daktari wa macho anayeuondoa ule weupe kwa kisu. Mama mkwe aliposikia kisu alikataa. Mzee aliposikia weupe unaondoka, alisimama na kutafuta viatu. Lakini mume wangu, ambaye hakuwa mtu wa kumficha mtu jambo, alimwambia na lile lingine: daktari kwanza anapima. Jicho likiwa limekufa kwa ndani, hakati, anakurudisha nyumbani. Mzee alisema la kwake halijafa. Alilisema kwa nguvu mno.

Tulikwenda kwa lori, juu ya magunia ya maharage, mzee akiwa mbele karibu na mwanawe, ameshika mlango kama anayeogopa utamkimbia. Hospitalini mume wangu hakuweza kuingia. Miaka ile lori haliachwi peke yake nje ya lango. Ukirudi unaweza kulikuta lina dereva mwingine mwenye bunduki. Basi tukaingia watatu: mzee, mama mkwe, na mimi, kwa sababu mimi nilikuwa na lugha.

Daktari alikuwa Muganda, mwembamba, kijana kuliko nilivyotarajia. Kiswahili hakukitaka. Kwake kilikuwa lugha ya askari waliogonga milango ya kwao usiku, na simlaumu. Mzee naye hakujua Luganda. Kwa hiyo maneno yote yangepita kwangu, kwenda na kurudi, na mama mkwe akaketi kwenye benchi nyuma yangu, akiwa hajui hata lugha moja ya upande wa pili, lakini masikio yake yakiwa wazi kwa Kiswahili changu.

Daktari alinieleza taratibu. Ule weupe ni pazia, na pazia anaweza kuliondoa. Lakini kama nyuma ya pazia jicho halipokei hata tochi, kukata ni kumwumiza mzee bure. Atawasha tochi pande mbalimbali, na mimi nimwulize mzee kama anaiona inapowaka. Ni swali dogo, alisema.

Nikafungua mdomo. Neno la kuulizia lilikuwa jina lake. Humo ndani hamkuwa na kuku.

"Baba," nikasema, nikitazama sakafu, "glo iko?"

Nyuma yangu benchi lililia kidogo.

"Iko," mzee akajibu haraka.

Daktari akahamisha tochi upande wa pili wa jicho la kulia. "Iko." Juu. "Iko." Nilifurahi, nikatafsiri kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Lakini tochi ile ilikuwa ya chuma, na kitufe chake kilikuwa kigumu. Kila kikibonyezwa, kilitoa mlio. Nilimwona daktari akitua kidogo, akinitazama. Kisha akaufunika uso wa tochi wote kwa kiganja, na akabonyeza.

"Iko," mzee akasema.

Daktari hakukasirika. Aliniambia nimwambie mzee kwamba hapa si shuleni, hakuna anayefaulu kwa kubahatisha. Nilimwambia baba mkwe kwamba tochi ilikuwa imefunikwa. Mikono yake mikubwa ilikuwa juu ya magoti, na niliona vidole vikitafuta kitu cha kuhesabu.

Halafu akainamisha kichwa upande wangu, akashusha sauti.

"Binti. Huyu munganga anasikia Kiswahili?"

"Hasikii, baba."

"Basi akiwasha, weye kohoa kidogo."

Alikuwa hajawahi kuniomba kitu. Miaka yote ile nilikuwa nimempikia, nimemfulia, nimemzalia mjukuu, na hatujawahi kuongea pasipo kuku, na ombi lake la kwanza lilikuwa hili. Kulitimiza kulikuwa rahisi kabisa. Kikohozi hakina lugha.

"Baba," nikamwambia, "kisu kinaingia kwenye jicho lako. Mimi nikikohoa, atapasua kikohozi changu."

Daktari akaanza kuuliza kuna nini, nikamwomba angoje.

"Nikisema hakuna, ananirudisha?"

"Jicho hili, ndiyo. La pili bado."

"Na la pili likikataa?"

"Tunarudi nyumbani, baba."

Akavuta pumzi. "Mwambie aanze upya."

Daktari sasa alibonyeza kitufe ovyo, mara nyingi, tochi ikiwa imetazama ukuta, mpaka mlio ukakosa maana. Kisha akarudi kwenye jicho la kulia. Nikauliza kama glo iko. Mzee alingoja. Akasema hakuna. Upande mwingine, hakuna. Juu, hakuna. Alisema kila moja kwa upole, kama mtu anayetoa vyombo vyake nje kimoja kimoja, na nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akipenga kwa kanga.

Jicho la kushoto. Nikauliza, akasema hakuna, na kweli daktari alikuwa bado hajaigeuza tochi. Akaigeuza. Sikuuliza mara moja. Nilikuwa naogopa jibu. Kabla sijauliza, mzee aliinua kiganja.

"Ngoja," akasema. Aligeuza kichwa polepole, kama anayesikiliza. Kisha kidole chake kikanyooka, moja kwa moja, mpaka kikakaribia kugusa tochi. "Pale. Ni kidogo. Haina nguvu."

Daktari akaihamisha bila kuizima. Kidole kikaifuata. Akaishusha, kidole kikashuka nayo.

"Ni glo," mzee akasema. "Si zaidi ya hapo. Sitaki kudanganya tena."

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikamwambia kwa Luganda, na nikalitamka neno lenyewe la kile kitu, wazi, kwa sauti, maana kwa Luganda halikuwa jina la mtu yeyote wa kwetu. Sijui kama umewahi kuvua viatu vinavyobana baada ya miaka.

Alisema hiyo inamtosha. Jicho la kushoto atalikata. La kulia aliliombea radhi, na mimi nikalitafsiri hilo pia, lote, bila kulipunguza.

Walimlaza kwa siku kadhaa, bandeji usoni, kichwa kimebanwa kati ya mifuko ya mchanga ili asikigeuze. Mtu aliyezoea kukaa uani na ziwa alilazimika kutazama dari asiyoiona. Mama mkwe hakutoka pembeni yake. Mimi nilikuwa nikileta uji kutoka kwa mama yangu, na nikija niliwakuta wanateta kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini, kuhusu jambo ambalo nadhani lilianza kabla sijazaliwa. Hofu ilikuwepo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba kukata ni nusu ya kazi, na nusu ya pili si yake. Mama mkwe alinishika mkono kwenye korido akaniuliza kama nilimwuliza mzee sawasawa siku ile, kama labda glo ile ilikuwa ya kuwazia tu. Nikamwambia aliifuata kwa kidole. Akasema ndiyo, aliona kidole. Kesho yake aliniuliza tena.

Siku ya kufungua bandeji tulisimama wawili miguuni pa kitanda. Daktari alifungua polepole, akasafisha jicho kwa pamba yenye maji ya moto. Lilikuwa jekundu na linatoa machozi. Alileta kopo lenye miwani mizito ya hospitali, vioo vinene kama chini ya chupa, akajaribu moja, akaitoa, akampachika nyingine.

Mzee alikaa. Jicho lilikuwa kubwa sana nyuma ya kioo. Lilianzia kwenye dirisha, likafunga, likafunguka tena, likatambaa ukutani, likanifikia mimi, na mimi nikatazama chini kama sheria inavyotaka.

"Huyu ndiye?" akauliza.

"Ndiye," mama mkwe akamjibu.

"Nilifikiri ni murefu. Ana sauti ya mutu murefu."

Halafu jicho likahama kwake. Lilikaa hapo. Sijui mara ya mwisho alimwona vizuri lini. Labda nywele zake zilikuwa bado nyeusi, na jino la mbele lilikuwepo. Mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mtu, aliivuta kanga kichwani, kisha akaivuta tena mpaka usoni.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Nimezeeka."

Mzee aligusa ile miwani kwa vidole viwili.

"Ni hii miwani. Inakuza kila kitu."

"Basi ivue."

"Sivui."

Daktari alinigeukia, akaniuliza wanabishana nini. Nikamwambia kwa Luganda kwamba mgonjwa anaona.